Kutoka Mikumi Hata Kilosa

Tulitoka Mikumi jua likiwa kali, na vumbi la njia likatukausha koo. Tulipita kijiji kiitwacho Ulaya. Mtoto mmoja katika msafara wetu akauliza Wazungu wako wapi, nasi tukacheka sana.

Tulipofika Kilosa, milima ya Usagara ilikuwa imefunikwa na mawingu. Mzee mwenyeji wetu aliitazama milima, akasema, “Wanangu, mvua ya hapa mjini si neno. Ile inyeshayo kule juu ndiyo huujaza Mkondoa.” Ni kweli, maana mwishoni mwa Desemba 2009 mto huo ulivunja tuta lake, ukaingia mjini, ukachukua nyumba. Maelfu walikaa mahemani, na reli ya kati ikaharibika hata gari la moshi la abiria likasimama. Njia ya treni ya umeme, iliyofunguliwa mwaka 2024, imetobolewa ndani ya milima; bali nyumba ya mzee huyu na shamba lake la mpunga zingali bondeni. Tulimwuliza kwa nini hahami. Akajibu, “Nitalima mawe?”

Jioni tulisikiliza mazoezi ya kwaya, ngoma na manyanga vikipigwa vizuri. Mara mvua ikapiga bati, na waimbaji wakanyamaza mmoja mmoja. Mama mmoja akajifunika khanga, akatoka kwenda mtoni. Tulingoja kimya. Akarudi amelowa, akasema, “Bado uko chini.” Ndipo wakauanza tena ubeti wa pili.