Valvu na Transista

Kipya kinyemi kingawa kidonda. Lakini cha kale nacho kina madai yake. Binti mmoja wa Chikongola, Mtwara, alirithi kwa marehemu baba yake amplifaya ya valvu iliyokwisha nyamaza. Akaenda kwa fundi kutaka shauri: aifufue, au anunue ya transista?

Fundi hakumjibu kwa haraka. Valvu ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Haifanyi kazi mpaka ipate moto, hutaka volti mia kadhaa, na uhai wake hupungua kila iwashwapo. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, ni kipande kidogo kigumu. Hutosheka na volti chache, na ndiyo iliyoirahisishia redio kuenda shambani kwa betri kavu. Zikizidiwa, valvu hulemewa polepole na sikio husamehe. Transista huikata sauti ghafula, ikakwaruza. Kwa sauti ya kiasi chumbani, hata hivyo, tofauti yao ni ndogo kuliko ubishi wa mashabiki wao.

“Mwanangu,” fundi aliuliza, “wataka muziki, au wamtaka baba?”

Binti aliinama. Valvu mpya zingeagizwa ng’ambo, na fedha yake ilikuwa ya ada ya mdogo wake. Alichagua transista. Fundi akamwambia asiziuze spika za mzee, kwa kuwa spika huigeuza sauti kuliko amplifaya.

Jioni ile muziki ulitoka mahali pale pale ulipokuwa ukitoka zamani. Mama yake alikuja akaketi.