Matembezi yetu ya mwaka: kutoka Kyangwali mpaka ukingoni

Mwaka huu mimi na watoto tulikuwa tunatembea kwa miguu siku za Jumapili, kuijua nchi iliyotupokea. Bidoni ya maji, mihogo ya kuchemsha, basi.

Kwanza tulipita kando ya msitu wa Bugoma. Baridi nzuri, na sokwe unawasikia kabla ya kuwaona (sisi hatukuwaona). Sehemu nyingine ni miwa tupu, pale palipokuwa miti.

Lakini njia ninayoipenda ni ya magharibi. Ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa liko Ziwa Albert, lile wazee wengine bado wanaliita Mobutu. Kiangazi usijisumbue, vumbi na moshi vinafunika kila kitu. Nenda asubuhi, mvua ikiisha kunyesha. Ng'ambo utaona milima ya kwetu Ituri, ya buluu, kama iko karibu.

Binti yangu wa mwisho alizaliwa hapa, na njia nyingi nilimbeba. Akauliza, "Baba, nyumba yetu iko wapi?" Nikamwonyesha mlima mmoja. Kusema kweli sikuwa na hakika kama ndio ule.

Mama yao alikataa kabisa kushuka Sebagoro, maana ndipo mtumbwi wetu ulipotua mwaka 2018. Mwezi wa kumi akakubali. Tulinunua samaki, tukakaa mchangani. Hakusema mengi. Kupanda kurudi ndiyo kazi: muanze kabla ya saa nane, giza lisiwakute mlimani.