Chupa mbili za urwagwa, Kamembe

Kabare, kwa Kiswahili chetu cha Kivu, ni mahali pa kunywea. Wanyarwanda wanasema akabari, na Watanzania nasikia wanasema kilabu. Zinafanana: benchi, meza yenye alama za chupa, mama mwenye kabare anayejua nani analipa na nani anaandikwa kwenye daftari. Sitetei ulevi hapa. Tunaoishi kambini tunajua pombe inavyofanya nyumbani kwa watu, na wahudumu wanaotusaidia wanajua pia. Lakini kabare ina kazi nyingine ambayo haionekani kwa mtu anayepita barabarani, na mimi niliiona vizuri mjini Kamembe, wilaya ya Rusizi, mwezi wa Septemba 2019.

Rusizi ndiyo Cyangugu ya zamani. Jina lilibadilishwa na serikali mwaka 2006, lakini wazee na madereva bado wanasema Cyangugu, hasa kwa mji wa chini ulio karibu na maji. Kamembe iko juu, ina soko, gereji na stesheni ya basi. Ukisimama Kamembe ukaangalia ng'ambo ya ziwa Kivu, unaiona Bukavu: mabati yanang'aa, nyumba zimepandana mlimani, na rasi zake zimeingia ndani ya maji kama vidole. Kati ya miji hii miwili kuna mto Rusizi tu, unaotoka ziwani pale pale na kuteremka mpaka Tanganyika. Mtu wa Bukavu mwenye miguu mizima anafika Kamembe asubuhi na kurudi mchana. Ndiyo maana hapo Kiswahili hakimshangazi mtu. Muuza nyanya anakijua, kondakta anakijua.

Mimi nilitoka kambi ya Kigeme, wilaya ya Nyamagabe. Basi linapita ndani ya msitu wa Nyungwe, kama saa tatu za kona, baridi na watu wanaotapika kwenye mifuko. Katikati ya msitu kuna mgongo wa mlima unaogawa maji: mvua ikianguka upande mmoja inakwenda Nile, ikianguka upande wa pili inakwenda Kongo. Kila nikipita pale nafikiri kwamba matone mawili ya wingu moja yanaweza kuachana namna hiyo na yasikutane tena.

Aliyeniita ni kaka yangu mkubwa, ambaye mimi humwita Yaya, kama tunavyoita sote upande wetu. Yeye anakaa Bukavu. Mimi nilikuwa mwalimu Masisi, nikakimbia mwaka 2012, mwaka ambao Kigeme ilijaa Wakongo. Watu huniuliza kwa nini sikukimbilia Bukavu kwa wazazi. Jambo hilo nilishalieleza ofisini mbele ya waliopaswa kulisikia, sitalirudia hapa. La muhimu ni hili: mimi siwezi kuvuka kwenda ng'ambo. Mkimbizi anayerudi alikotoka, hata kwa siku moja, anaweza kuulizwa anakimbia nini. Kwa hiyo baba yetu alipofariki, mwanzoni mwa mwaka ule, nilikaa kilio kambini, na majirani wakaniletea kuni na unga wa mahindi. Yaya alizika. Na sasa alitaka tuonane, kwa sababu kulikuwa na jambo la kuamua.

Tungekutana wapi? Mimi sina nyumba Kamembe. Yeye pia hana. Hoteli za pale ziwani ni za watu wa mikutano. Stesheni ina kelele, na ukisimama sana unaonekana kama mwizi. Mambo ya familia hayazungumzwi mkiwa wima. Ndipo dereva mmoja wa pikipiki akanionyesha kabare ya mama mmoja, nyuma ya soko, inayouza urwagwa.

Urwagwa ni pombe ya ndizi. Kwetu Bukavu tunaiita kasiksi. Ndizi zake si zile za kupika. Zinaivishwa shimoni lililofunikwa majani ya mgomba, kwa joto na moshi, siku kadhaa. Kisha zinamenywa na kukamuliwa pamoja na nyasi kavu mpaka maji yatoke. Maji yale yakiwa bado matamu hata mtoto anakunywa. Yakichanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, baada ya siku mbili au tatu yanaanza kuchemka yenyewe bila moto, na hapo mtoto anafukuzwa. Wengine wanakunywa kwa glasi, wengine kwa mrija. Zamani mrija mmoja ulizunguka kwa wote na kibuyu kilikuwa kimoja. Leo afya hawataki hivyo, na mwaka ule hata mtu mbishi alielewa kwa nini: Ebola ilikuwa Kivu Kaskazini, na mwezi wa Agosti ilikuwa imefika Mwenga, Kivu Kusini. Mpakani watu walinawishwa mikono kwa maji ya dawa na kupimwa joto kwenye paji la uso kabla ya kupita.

Yaya alifika saa nne, mikono yake bado inanuka dawa. Alikuwa amezeeka. Alinishika mabega, akaniangalia muda mrefu bila kusema. Kisha akasema, "Mudogo yangu, ulikonda. Lakini uko mutu."

Nikamvutia kiti. Akataka kuita mama aagize, maana ndiye mkubwa na ndiye aliyeniita. Mimi nikamwambia hapana. Nilikuwa nimeweka akiba ya miezi miwili kwa siku ile. Nilinyoa watu vichwa Jumapili, nikasaidia mtu kubeba mawe. Nikaagiza chupa mbili za urwagwa na sahani ya sambaza za kukaanga. Zote pamoja hazikufika bei ya bia nne za kiwandani, lakini nilizilipa mimi. Yaya akacheka kidogo, akasema, "Bon. Leo ni weye njo mwenye nyumba."

Nataka msomaji asimame hapo kidogo. Miaka saba nilikuwa mtu wa kupokea. Nimepokea blanketi, sabuni, masufuria, baadaye pesa za chakula. Nashukuru, na sisemi kwa kejeli. Lakini mtu anayepokea tu, mwisho hata mkono wake unasahau kuelekea upande mwingine. Pale kabare, kwa saa tatu, mimi ndiye niliyekaribisha.

Na kwa kuwa nilikuwa mwenyeji, desturi ilinidai. Rwanda, mwenye kukaribisha anaonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna kitu kibaya ndani. Neno lao ni gusogongera. Kwetu pia wazee walifanya hivyo. Nikamimina kidogo, nikanywa, nikamsogezea. Yaya akanywa. Mama mwenye kabare akaona, akatabasamu, akatuongezea chumvi na pilipili kwenye sambaza bila kuulizwa.

Ndipo akatoa karatasi.

Ilikuwa karatasi ya mkutano wa familia. Matibabu ya baba yalikuwa yameacha deni, na mazishi yakaongeza. Waliotukopesha walikuwa wamechoka kungoja. Parseli ya baba, ile yenye nyumba tuliyozaliwa, ilikuwa imepata mnunuzi. "Dada yetu wa Uvira alishasinye," Yaya akasema. "Kunabakia weye. Bila weye siuzishe."

Siuzishe. Angeweza kuuza. Ng'ambo ile watu wanauza viwanja vya ndugu walio kambini kila siku, na karatasi inatengenezwa yenye sahihi ya mtu aliye mbali kilomita mia mbili. Wengi wanaosoma jarida hili yamewapata hayo. Yeye alinawa dawa, akapimwa kipaji, akavuka daraja, akaja kuuliza.

Sikujibu haraka. Nyumba ile ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho cha kusema "kwetu". Mtoto wangu wa kwanza aliondoka Masisi akiwa mgongoni, wa pili amezaliwa Kigeme. Nikiwaambia habari za kwetu nawachorea nyumba ile: mlango wa bluu, ngazi tano, mparachichi. Ikiuzwa, kwetu itakuwa maneno tu. Nikamwambia hivyo hivyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nyumba iliisha kuwa ya deni. Miye nalalaka mule, lakini silale."

Tukanyamaza. Kwenye benchi la pili kulikuwa na wanaume wa kisiwa cha Nkombo, wanazungumza Kihavu chao, ambacho mtu wa Bukavu anakisikia nusu. Walikuwa wavuvi wanaongoja jioni. Kivu wanavua usiku kwa taa, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, na wanapiga kasia wakiimba. Wanachovua zaidi ni hizo sambaza tulizokuwa tunakula. Na sambaza zenyewe si wenyeji wa Kivu. Zililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, kwa sababu ziwa hili lilikuwa na samaki wachache. Leo huwezi kumwambia mtu wa Kamembe au wa Bukavu kwamba sambaza ni mgeni. Atakuona mwendawazimu.

Nilimwambia Yaya habari hiyo ya sambaza. Akaangalia sahani, akasema, "Na hazikurudiaka?" Nikasema hazikurudi. Akachukua moja, akaila pamoja na kichwa.

Niliuliza maswali matatu. Mnunuzi ni nani, bei ni ngapi, na yeye na watoto wake watalala wapi. Alijibu yote, na bei ilikuwa ile ile aliyonitumia dada kwa simu wiki moja kabla. Nikaomba jambo moja: kitakachobaki baada ya deni kigawanywe watatu, na ya kwangu aishike dada mpaka nitakapoamua. Akakubali. Mama mwenye kabare alituletea kalamu na kufuta meza ili karatasi isilowe. Nikatia sahihi. Yaya akamimina kilichobaki kwenye chupa, nusu kwake, nusu kwangu, kwa sababu jambo lililoamuliwa halifungwi na glasi tupu.

Nilimsindikiza mpaka sehemu ambayo mkimbizi mwenye akili anaishia. Akashuka kuelekea darajani. Mimi nikawahi basi la mwisho.

Miezi sita baadaye, Machi 2020, mipaka ilifungwa kwa ajili ya Korona, na watu wa pande mbili za mto wakabaki wanapungiana kwa simu. Kama tungeahirisha, deni lingekula nyumba nzima. Sehemu yangu ilipofika, haikuwa nyingi. Mke wangu alinunua cherehani. Anashona sare za shule na viraka, na watoto wanajua cherehani ile imetoka kwa babu.

Kwa wahudumu wanaosoma hapa nina neno moja. Mkimbizi akiomba ruhusa ya kutoka, anaulizwa sababu ya safari. Mimi niliandika "kutembelea ndugu". Ilikuwa kweli, lakini haikutosha, kwa maana karatasi haina mstari wa kuandika "nakwenda kuwa mmoja wa wanaoamua". Ukisikia baadaye kwamba mtu yule alionekana kabare mchana, ana chupa mbele yake, usiharakishe kuandika. Muulize alikaa na nani.

Na kwa ndugu zangu wenye parseli ng'ambo: msiseme "wataamua wenyewe, mimi niko kambini". Tafuteni mahali pa kukaa, hata kama ni benchi la mtu mwingine, na mwende na pesa ya chupa ya kwanza.