Koja la Alfajiri

Nilipokuwa mwanafunzi Thrissur, katika jimbo la Kerala kusini mwa India, nilipanga chumba pembeni ya variyam, yaani nyumba ya ukoo wa Warrier. Alfajiri bibi wa nyumba ile alikuwa ameshaoga na kuketi barazani, ungo wa maua mekundu na majani ya tulasi mbele yake, akitunga makoja kwa nyuzi za mgomba. Tulasi ni ndugu wa mrehani wetu. Harufu yake ilinirudisha Tanga, kwa mama yangu na vikuba vyake, nikawa naomba kukaa karibu. Hekaluni nisingeweza kuingia, maana mimi si Mhindu. Nilichojua cha ndani nilikipata barazani pale.

Bibi alinieleza kwamba wao ni Ambalavasi. Kwa Kimalayalam ambalam ni hekalu, na vasi ni mkaaji. Si ukoo mmoja. Ni koo nyingi zilizopata jina kutokana na utumishi, na daraja lao lilikuwa kati ya makuhani wa Kinambudiri na Wanair. Wawarrier na Wapisharody walitunga maua. Wamarar walipiga ngoma ya chenda na kuimba kwenye ngazi za chumba cha mungu. Wachakyar waliigiza Koodiyattam, mchezo wa Kisanskriti, na Wanambiar wakawapigia mizhavu, mtungi mkubwa wa shaba uliowambwa ngozi. Ngoma hiyo hufanyiwa ibada kama kijana wa Kibrahmin anayevishwa uzi mtakatifu. Bibi alilisema hilo kwa sauti ya chini, na mimi sikuthubutu kucheka.

Ujira wao ulikuwa wali. Hekalu lilimiliki mashamba ya mpunga, wapangaji wakalipa kwa mavuno, na chakula kilichotolewa kwa mungu kikagawiwa watumishi. Ukoo wa bibi ulifuata upande wa mama, hivyo mjomba ndiye aliyesimamia nyumba. Kisha sheria ya ardhi iliyoanza kutumika Januari 1, 1970 ikawapa wakulima mashamba waliyoyalima. Ilikuwa haki, na ninaamini hivyo hadi leo, kwa sababu watu wa tabaka za chini walikuwa wamelima kwa vizazi vingi bila kumiliki hata tuta moja. Katika Travancore, ufalme wa zamani wa kusini mwa Kerala, walikuwa hawaruhusiwi hata kuingia mahekaluni hadi mwaka 1936. Lakini wali ule ulipokoma, vijana wa variyam walitafuta mishahara. Watoto wa bibi walikwenda benki, shuleni, na Dubai.

Sanaa ya Wachakyar imepona. Chuo cha Kalamandalam kilianza kufundisha Koodiyattam mwaka 1965, na mlango ukafunguliwa kwa wanafunzi wasiozaliwa katika koo hizo. Mwaka 2001 UNESCO ikautambua mchezo huo kuwa urithi wa binadamu. Nafurahi. Ila hakuna aliyefungua chuo kwa ajili ya koja. Lilikauka kila jioni, likatupwa, kesho likatungwa jingine, na labda ndiyo maana hakuna aliyeona kwamba ule nao ni ujuzi.

Nilirudi Thrissur nikiwa na mvi. Bibi alikuwa amefariki na pale palipokuwa na variyam pana ghorofa. Maua mengi ya sokoni huletwa na malori kutoka jimbo jirani la Tamil Nadu, yameshatungwa kwa uzi wa dukani. Nilimuuliza mjukuu wake kama anajua kufunga fundo la nyuzi za mgomba. Hajui, na mama yake pia hajui.