Kukhu na Kogo

Nikiwa Bungoma, nyanya yangu ni kukhu. Nikiwa Kitale, ni kogo. Baba Mbukusu, mama Msabaot. Utotoni niliamini ni neno moja tu, limegongwagongwa njiani na matatu pale Kamukuywa.

Chuoni mwalimu alinivunja moyo. Alisema maneno wanayoanza nayo watoto hufanana dunia nzima, kwa hivyo hayathibitishi ukoo. Nihesabu kwanza. Kibukusu: babili, bataru. Hizo ni mbili na tatu, Kibantu waziwazi. Kikwetu upande wa mama: aeng', somok. Kiniloti. Mwaka 1963 Joseph Greenberg aliziweka lugha hizi katika jamii mbili tofauti, Niger-Kongo na Nilo-Sahara. Mwaka 1972 Edgar Gregersen akapendekeza ziunganishwe ziwe jamii moja, Kongo-Sahara. Wengi hawakushawishika. Ni kama wanavyobishana kuhusu Kituruki na Kimongolia: ni ndugu, au ni majirani walioazimana kwa karne nyingi?

Nilidhani huo ni ubishi wa vitabuni, hadi tulipomzika baba. Mzee mmoja wa ukoo alitaka watu wa mama wakae nje ya hema. "Hao si wetu," akasema. Mama alikuwa amekaa hapo hapo, anasikia.

Nikamuuliza, "Kuka, wewe ni wa rika gani?"

"Maina," akajibu kwa fahari.

Nikamhesabia marika yetu: Bamaina, Bachuma, Basawa, Bakolongolo. Kisha ya Wakalenjin: Maina, Chumo, Sawe, Korongoro. Jina analojivunia tangu atahiriwe, wajomba zangu wanalo pia.

Sikumdanganya kwamba sisi ni damu moja. Majina hayo hayathibitishi hivyo, na mwalimu wangu angenikosoa. Yanathibitisha kitu kingine, na kwangu ndicho kizito zaidi. Undugu wa damu unazaliwa nao, hukuulizwa. Lakini huwezi kuazima jina la rika la mtu ambaye hujawahi kukaa naye, ukala kwake, ukaona vijana wake wakiingia jandoni.

Mzee hakuomba msamaha. Alinyamaza kidogo, akageukia vijana wa viti.

"Nyinyi, mnaangalia nini? Wasogezeeni hao viti huku ndani."

Mama akafuta macho. Kukhu akamsogelea kogo, wakakaa bega kwa bega. Hawana lugha moja, kwa hivyo walilia tu.