Seli Zinazopeleka Habari

Katika kinga ya asili ya mwili, seli zinazosifiwa zaidi ni zile zinazoua. Seli ziuaji asilia hazingoji kufundishwa: zikikutana na seli ya saratani huutoboa utando wake na kupenyeza vimeng'enya vinavyoimaliza. Mimi zimenigusa zaidi seli za dendriti, ambazo kazi yake kubwa ni kupeleka habari.

Wanasayansi Ralph Steinman na Zanvil Cohn walizieleza mwaka 1973, huko New York, baada ya kuziona kwenye wengu wa panya. Zilikuwa chache mno, na kwa miaka mingi wenzao wengi walitilia shaka umuhimu wake. Seli hizi huokota vipande vya seli za saratani zilizokufa, huvibeba hadi kwenye tezi za limfu, kisha huzionyesha seli T. Hapo ndipo seli T zinapomjua adui na kwenda kumsaka. Habari isipofika, jeshi lipo kambini na halijui kama kuna vita. Tena uvimbe wa saratani hutoa kemikali zinazozidhoofisha seli hizi za dendriti, habari ikakwama njiani.

Niliposoma hayo nilimkumbuka shangazi yangu. Alipata kivimbe kwenye titi akakificha. Watu wa kumsaidia walikuwepo tele: watoto, ndugu, majirani wanaoingia bila hodi. Binti mmoja alijua, akaambiwa anyamaze, naye akanyamaza. Simlaumu hata kidogo. Kwetu, kutoa siri ya mkubwa ni kukosa adabu, na saratani yenyewe hutajwa kwa kunong'ona, "ule ugonjwa". Tulipokuja kujua, titi lilikuwa limeshafanya kidonda. Nasema wazi kwamba adabu ya namna hii inaua, na tumeilea sisi wenyewe.

Steinman alipogundulika kuwa na saratani ya kongosho mwaka 2007, aliwaambia wenzake. Wakakusanyika kumsaidia, wakamtengenezea hata chanjo za majaribio kwa kutumia seli zilezile za dendriti. Aliishi zaidi ya miaka minne, ilhali wengi wenye saratani hiyo hawamalizi hata mwaka. Mgonjwa mmoja hawezi kuthibitisha tiba, lakini Steinman hakupigana peke yake. Alifariki tarehe 30 Septemba 2011. Siku tatu baadaye alitangazwa mshindi wa Nobel, kamati ikiwa haina habari za kifo chake, na tuzo ikabaki kuwa yake.

Ndugu msomaji, ukipapasa uvimbe mwilini mwako, mwambie mtu leo, kisha nenda ukapimwe. Na wewe uliyekabidhiwa siri ya mama, shangazi au baba, msihi akubali kwenda hospitali, na akisita mwombe ruhusa umwambie mtu mwingine mmoja anayemsikiliza. Usikae na habari hiyo peke yako mpaka kidonda kitoke.