Kukunja Chuma kwa Mikono

Hapa Mwabungo, kusini mwa Diani, nondo ni kitu cha kila siku. Nyumba zajengwa, na mafundi hukunja vyuma kutwa. Lakini fundi hatumii mikono mitupu: huichomeka nondo baina ya vyuma vifupi vilivyokazwa juu ya ubao, kisha huipinda kwa bomba refu. Bomba hilo ni wenzo. Kadiri lizidivyo urefu ndivyo kazi inavyopungua uzito. Mtu akunjaye chuma kwa viganja vyake hujinyima msaada huo kwa hiari, na watu huniuliza, kwa faida gani?

Jibu langu ni la pwani. Jioni moja niliwasaidia wavuvi kuivuta ngalawa juu ya mchanga. Kabla haijafika mahali pake vidole vyangu vililegea, kamba ikanitoka. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alisema, "Pole, mwalimu," akaishika kamba mahali pangu. Upole ule ulinichoma kuliko kicheko.

Mgongo na miguu yangu ilikuwa haijachoka; kilichoshindwa ni kiganja. Alexander Zass, aliyezaliwa mwaka 1888 na kujulikana kwa jina la Samson, alilifahamu jambo hili. Hakuwa pandikizi la mtu. Alipokuwa mateka katika Vita Kuu ya Kwanza alijizoeza kwa kuvuta minyororo na kusukuma vyuma visivyosogea, na baadaye akafundisha kwamba nguvu hukaa katika kano kuliko katika ukubwa wa misuli.

Nilianza na kipande cha nondo laini ya milimita 6, urefu wa futi moja, ncha zake nimezizungushia turubai nene ili zisinichome. Hukishika mbele ya kifua, viwiko karibu na mbavu, nikazisukuma ncha zikutane. Sitii goti, wala meno, ingawa wapo watu wa michezo ya sokoni wafanyao hivyo. Mkunjo ukishaanza, chuma huwa kigumu zaidi pale pale kilipokunjika, nacho huwa na joto ukikigusa. Kipande kirefu kikishindwa kukataa, nakata kifupi zaidi cha unene ule ule. Uchoyo wa unene ni hatari: nondo ya milimita 12 hudai nguvu mara 8 ya ile inayotosha milimita 6, maana ukinzani hukua kwa kipeo cha tatu. Mwanafunzi wa hesabu na aipige mwenyewe. Na tupa ya seremala usiijaribu kabisa. Feleji yake ina kaboni nyingi, haikunjiki bali huvunjika, na vigae vyake huruka machoni.

Nafanya hivi mara mbili kwa juma, si zaidi, kwa kuwa kano hupona polepole kuliko misuli. Kijana ambaye mifupa yake ingali ikikua ana mazoezi bora: akamue mashuka mazito yaliyolowa, avute ndoo kisimani.

Sasa ni mwezi wa tano. Kipande cha inchi 8 hukunjika hata ncha zikagusana. Cha inchi 6 hukataa katikati ya njia. Kimoja kipo juu ya meza yangu, kimepindika kwa pembe butu kama paa la makuti. Nondo ya milimita 10 sijaigusa.